Hati ya Kupokelea

Baba alikuwa mtunza ghala, karakana ya reli,
miaka thelathini na mmoja ya kuhesabu nati,
kwa hiyo daktari alipomgeuzia karatasi ya damu
aliishika mbali na macho kama ankara yenye mushkeli,
akauliza: Huu upungufu, nani alisaini?

Hakuna aliyesaini, Mzee Mwinshehe.
Uboho umechoka. Unatoa chembe kabla hazijaiva.

Hiyo ni Machi ya mwaka juzi.
Tukazoea. Kila wiki ya tatu Upanga, chupa mbili,
na kwa kila chupa, ndugu wa kuirudishia benki.
Ndugu waliisha kabla ya Idi.
Nikaenda kijiweni, Mtoni, kwa vijana wa bodaboda;
Kulwa akavua koti, akauliza mkono upi.
Jioni baba akafungua daftari lake la kazini, kurasa za nyuma:
Kulwa. Chupa moja. Hali nzuri. Imepokelewa.

Kisha mtoki.
Kwapa la kushoto, kwanza gololi, baadaye limau.
Mimi nikasema jipu. Jirani akasema mkono wa mtu.
Wakakata kipande, na Nsajigwa wa maabara
akakitazama siku mbili, akakataa kukibatiza.
Kikatiwa namba, kikafungwa, kikapanda ndege.

“Kipande changu kiko Ulaya,” baba akawaambia wa vitanda vya jirani,
“mimi mwenyewe mwisho wangu Kapiri Mposhi.”

Jibu lilirudi wiki ya sita.
Daktari Nyamizi alilisoma mara mbili,
jina refu, mabehewa tupu yanapita na huoni mwisho wake;
limfoma, alisema, ya aina niliyoikuta kitabuni tu.
Kwangu, wewe ni wa kwanza.
Baba akacheka mpaka fizi zikavuja.
“Foleni ya mafao nilikuwa wa mia nne na kumi na mbili!
Leo wa kwanza, na hakuna hata anayenisukuma.”

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeitambua ile hali.
Kwetu bondeni tumeishi nayo:
siku ya tisa bomba linakohoa hewa,
na usiku huohuo Kizinga umepanda,
umevuka kizingiti, umefika magotini.
Unasimama ndani ya maji
na ndoo tupu mkononi.

Ndivyo alivyo baba. Uboho hautoi tone,
tezi zinafurika.
Na dawa ya kuzuia mafuriko, alisema daktari,
huenda ikaziba na bomba.

Hakusema haiwezekani. Alichora mistari miwili,
mmoja wa dawa kali, mmoja wa kupoza tu,
kalamu ikabaki inaelea katikati.
Wahenga wangu wote walinyamaza.
Moto kwa moto, nilitaka kusema, lakini kuni ni nani?

Baba alivuta karatasi.
“Nina sabini na tisa. Ghala likibaki na nati tatu
hulifungi. Unaandika tatu.”
Akaweka alama kwenye mstari wa pili,
akaomba chupa za damu ziendelee kadiri watu watakavyokubali,
akauliza kama choo cha kulipia bado kiko kulekule.

Saa kumi alfajiri, jana, akanigongea ukuta.
“Mwantumu! Maji!”
Aliyasikia kwenye bomba kabla hayajafika.
Nikabeba madumu, yeye akashika mrija,
mkono una mabaka ya zambarau nisiyojua yaliingia lini,
na kila dumu likijaa alilitaja kwa sauti ya kazini:
sita, saba, nane.
La tisa likafika shingo ya tumbo lake,
bomba likakohoa, likanyamaza.

Nilitaka kulimwaga, au kulijazia kwa la nane.
“Acha,” akasema. “Andika nusu.”